Pikipiki ndogo ya njia mbovu katika mazingira ya Pemba: dalili za hitilafu, sababu zake na namna ya kuzitatua

Pikipiki ndogo za jamii ya Honda XR125L, Honda XL125, Yamaha DT125 na Yamaha AG100 ziliundwa kwa ajili ya mashamba, vilima na njia zisizo na lami, na ndiyo maana zinamfaa sana bwana shamba anayetoka Konde kwenda Makangale, mhudumu wa afya wa Micheweni, na mchukuzi wa karafuu anayeteremka vilima vya Mtambile msimu wa mavuno. Hata hivyo, Pemba inaitaabisha pikipiki kwa mambo matatu kwa pamoja. Udongo mwekundu wa kinongo hugeuka vumbi laini wakati wa jua na tope zito wakati wa masika, maweni ya upande wa mashariki hugonga rimu na kukata tairi, na hewa ya chumvi hufika kila mahali kwa kuwa hakuna kijiji kilicho mbali sana na bahari.

Kutokana na hayo, hitilafu zinazopelekwa kwa mafundi ni zile zile zinazorudi kila msimu, na nyingi kati ya zinazoitwa ugonjwa wa injini si ugonjwa wa injini hata kidogo. Kinachokuwa kimeharibika ni kile kinachoiingia au kinachoigusa kutoka nje, yaani hewa, mafuta, umeme, maji na mchanga. Injini inayofunguliwa bila sababu hupoteza gasketi zake, huingiwa na vumbi, na mara nyingi hurudi barabarani ikiwa dhaifu kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo kila dalili hapa chini imeanzwa na sababu iliyo ya kawaida zaidi na uchunguzi usiohitaji vifaa, na pale inapopasa kuweka spana chini na kumwita fundi, imesemwa hivyo.

Vipimo vilivyotajwa ni vya jumla kwa pikipiki za aina hii. Kitabu cha pikipiki yako, au kibandiko kilichobandikwa na mtengenezaji karibu na gurudumu la nyuma, ndicho chenye kauli ya mwisho.

Injini haiwaki kabisa

Kwanza tazama swichi ya kuzimia injini iliyopo upande wa kulia wa usukani, kwani huguswa bila kukusudia wakati wa kupakia mizigo au watoto wanapoichezea. Hakikisha gea ipo kwenye nyutro na stendi ya pembeni imekunjwa, kwa sababu baadhi ya pikipiki haziwaki vinginevyo. Fungua koki ya mafuta, na kama petroli imepungua igeuze kwenye akiba. Fungua kifuniko cha tanki uone petroli kwa macho, na usitumie kibiriti wala taa ya moto kumulikia. Tochi ya simu inatosha.

Ikiwa mafuta yapo na koki imefunguliwa, sababu inayofuata kwa wingi ni petroli chafu au yenye maji. Petroli inayouzwa kwa chupa na vidumu kando ya njia hukaa juani na mvuani, na kidumu kilichowahi kuchukua maji au mafuta ya taa hubakiza kitu ndani. Chini ya bakuli la kabureta pana skuruu ndogo ya kumwagia. Ilegeze huku umekinga chupa nyeupe ya kioo, acha petroli itiririke kwa sekunde chache, kisha itazame chupa dhidi ya mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini yakiwa matone yanayoteleza. Ukiyaona, funga skuruu, acha bakuli lijae tena, na urudie mpaka petroli itoke safi. Na kama maji hayaishi, tanki lote limwagwe. Ikiwa petroli haitoki kabisa ilhali tanki lina mafuta, kizuizi kipo kwenye koki, kwenye chujio dogo lililo ndani yake, au kwenye mpira unaoleta mafuta.

Hapo ndipo ifuatapo plagi. Itoe injini ikiwa imepoa, baada ya kupuliza au kupiga brashi mchanga uliojazana kuizunguka, la sivyo mchanga huo utaangukia ndani ya silinda. Plagi yenye ncha ya rangi ya hudhurungi ni ya injini inayochoma vizuri. Yenye masizi meusi makavu inaonyesha kuwa mafuta ni mengi kuliko hewa, na yenye utelezi mweusi inaonyesha kuwa oili inapanda kwenye silinda. Yenye rangi nyeupe iliyoungua inaonyesha joto kupita kiasi au mafuta machache, na hiyo isipuuzwe hata kama pikipiki inawaka. Plagi iliyolowa petroli tu inaweza kukaushwa na kurudishwa. Nafasi ya ncha zake kwa pikipiki nyingi hizi ni kati ya milimita 0.6 na 0.9 kutegemea aina.

Ili kujua kama umeme unafika, tumia plagi ya akiba na uiache ya zamani ndani ya tundu lake. Chomeka plagi ya akiba kwenye kofia, egemeza sehemu yake ya chuma kwenye injini, kisha piga kiki huku ukitazama. Cheche yenye nguvu ni ya buluu na hutoa mlio mdogo. Cheche ya njano iliyofifia ni dhaifu. Tahadhari: futa petroli yote iliyomwagika kabla ya jaribio hili, lifanye penye upepo, na usishike plagi kwa mkono. Usijaribu cheche karibu na tundu la silinda lililo wazi, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo hushika moto upesi.

Cheche isipoonekana, usikimbilie kununua koili. Katika kisiwa chetu sababu kubwa ya kukosekana cheche ni chumvi kwenye viungio vya nyaya. Fungua kofia ya plagi uone kama waya ndani yake umeota kijani, kisha fuata waya kutoka koili hadi kwenye fremu, mahali pa kuungia ardhi, ambapo kutu hukaa bila kuonekana. Swichi ya kuzimia nayo huliwa na chumvi ikabaki katika hali ya kuzima hata ikiwa imegeuzwa. Safisha kwa brashi ndogo, kausha, rudishia, na upake grisi kidogo kwa nje ili unyevu usirudi. Baada ya hayo yote, ikiwa cheche bado haipo, upimaji wa koili na kifaa cha kuongozea cheche ni kazi ya fundi wa umeme mwenye mita.

Sababu ya mwisho ni mgandamizo, yaani kubanwa kwa hewa na petroli ndani ya silinda. Kiki inayoshuka kwa wepesi usio wa kawaida, bila kizuizi, inaonyesha kuwa valvu hazifungi au ringi zimechakaa. Katika injini za mipigo minne, kama za XR125L na XL125, nafasi ya valvu ikibana hadi kwisha huleta dalili ya pekee: pikipiki inawaka asubuhi ikiwa baridi, na inakataa katakata ikishapata moto. Nafasi hiyo ni ndogo sana, kwa kawaida kati ya milimita 0.05 na 0.12, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Mtu mwenye kipimo cha majani ya chuma na subira anaweza kuirekebisha mwenyewe. Asiyewahi kuifanya amwite fundi aangalie mkono wake unavyofanya. Mgandamizo usiporudi baada ya hapo, injini ndiyo inayofunguliwa, na ni kazi ya gereji.

Inawaka vizuri, kisha inazima njiani

Dalili hii huwachosha watu kwa sababu pikipiki ikisimama kidogo huwaka tena kana kwamba haina ubaya. Kabla ya jambo lolote, tazama kifuniko cha tanki. Kina tundu dogo la kupitisha hewa, na tundu hilo huzibwa na tope kavu la kinongo au na chumvi iliyoganda. Petroli inapotoka bila hewa kuingia, tanki hufyonza na mafuta hukatika. Injini ikizima, fungua kifuniko mara moja: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio na pikipiki ikawaka, umepata jibu. Zibua tundu kwa waya mwembamba na uoshe kifuniko kwa maji ya sabuni. Kwa pikipiki zenye mpira mdogo unaotoka kwenye kifuniko, hakikisha haukukunjika.

Kama tundu ni zima, chunguza chujio la koki, ambalo hukusanya kutu inayobanduka ndani ya tanki. Tanki linaloachwa nusu tupu kwa wiki kadhaa wakati wa masika hukusanya unyevu kwenye kuta zake za ndani, na kutu huanzia hapo. Ni bora lijazwe kabla ya pikipiki kuwekwa. Ikiwa injini haizimi bali hushindwa kutulia kwenye sailensa, yaani inapozunguka polepole bila kuvuta mafuta, jeti ndogo ya kabureta imeziba. Jeti hizi husafishwa kwa hewa ya kupuliza au unywele mmoja wa brashi ya nailoni. Waya wa chuma, hata ukiwa mwembamba kiasi gani, hupanua tundu la jeti, na baada ya hapo hakuna marekebisho yatakayoifanya pikipiki itulie.

Hitilafu inayojitokeza baada ya mwendo mrefu tu, ikatoweka injini inapopoa, na tundu la tanki likiwa zima, huweza kuwa ya koili inayokatika ndani kwa joto au ya valvu zilizobana. Mtenganishe fundi na kubahatisha kwa kumweleza hasa ni lini inazima: katika mteremko au mlima, juani au mvuani, tanki likiwa limejaa au nusu. Maelezo hayo humwokolea saa nyingi za kutafuta.

Nguvu imepungua, mafuta yanaliwa, moshi unaonekana

Moshi mweusi kwenye injini ya mipigo minne una maana kwamba mafuta yamezidi hewa, na kwa hapa kwetu chanzo chake karibu kila mara ni chujio la hewa. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia chujio la sponji ambalo hufanya kazi likiwa limelowanishwa oili. Sponji kavu hupitisha vumbi, na sponji iliyojaa vumbi huziba pumzi ya injini. Anayepita kila siku nyuma ya magari katika njia ya vumbi alitazame chujio kila wiki, na wakati wa mvua kila anapovuka maji yaliyofika juu ya injini.

Namna ya kulisafisha ina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Toa sponji kwenye fremu yake, ikamue polepole ndani ya mafuta ya taa au maji yenye sabuni nyingi, wala usiisokote, kwa sababu huchanika kwenye maungio. Petroli isitumike: hulainisha gundi ya sponji, na mvuke wake ni hatari. Iache ikauke kivulini kabisa, kisha imwagie oili safi ya gea ya daraja la 80 au 90, au oili maalumu ya chujio, uikamue mpaka ibaki na unyevunyevu ulioenea sawasawa bila kudondosha. Kabla ya kuirudisha, futa ndani ya kisanduku kwa kitambaa chenye oili na upake grisi ukingoni ambapo sponji inakutana na kisanduku. Mchanga mara nyingi haupenyi katikati ya sponji bali hupita pembeni yake, na alama yake ni vumbi jembamba ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta. Ukiliona vumbi hilo, ujue ringi na silinda tayari zinasagwa.

Haifai kamwe kuendesha pikipiki bila chujio kwa kutaka nguvu zaidi. Nguvu hiyo hulipiwa kwa silinda.

Baada ya chujio, tazama kama choki imerudi mahali pake, kisha kiwango cha petroli ndani ya kabureta. Petroli inayodondoka kwenye mpira wa chini wa kabureta inaonyesha kuwa boya limetoboka au sindano yake haifungi. Zima koki kila unaposimama mpaka irekebishwe, kwa kuwa petroli hiyo huweza pia kushuka ndani ya injini na kuizimua oili ikawa nyepesi. Oili inayonuka petroli imwagwe siku hiyo hiyo.

Moshi wa buluu kwenye injini ya mipigo minne ni oili inayoungua. Ukionekana wakati wa kuwasha tu kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka. Ukizidi kila unapovuta mafuta, ringi zimekwisha. Kwanza, hata hivyo, pima oili, maana oili iliyojazwa kupita alama ya juu hutoa moshi huo huo, na dawa yake ni kuipunguza tu. Kwa DT125 na AG100, ambazo injini zake za mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, moshi kidogo wa buluu ni wa kawaida. Kinachopasa kukutia hofu kwenye hizo ni kutoonekana kwa moshi kabisa. Kama tanki dogo la oili limeisha au pampu yake imeingiwa na hewa, pistoni hukwama ndani ya silinda bila onyo refu. Moshi ukitoweka na injini ikaanza kupoteza nguvu, bana klachi, zima, na usiiwashe tena.

Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke wa unyevu na hauna tatizo.

Klachi inateleza, au haiachii

Klachi inayoteleza hujitambulisha mlimani: injini inapaza sauti, lakini pikipiki haipandi. Angalia kwanza ulegevu wa mkono wa klachi. Ncha ya mkono inapaswa kucheza milimita 10 hadi 20 kabla ya klachi kuanza kufanya kazi. Mkono usiocheza kabisa unaibana klachi muda wote na kuichoma pleti zake. Waya uliojaa chumvi nao hukataa kurudi, kwa hiyo uutoe upande mmoja na uudondoshee oili nyembamba mpaka itokee upande wa pili; waya wenye nyuzi zilizokatika ubadilishwe kabla haujakatikia njiani.

Sababu ya pili ni oili isiyofaa. Klachi ya pikipiki hizi imezama ndani ya oili ya injini, na oili za magari zilizotiwa viungo vya kupunguza msuguano huzifanya pleti ziteleze. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, daraja la 10W-30 au 10W-40 kama kitabu kinavyosema. Nyingi za pikipiki za mipigo minne za ukubwa huu huchukua takribani lita moja tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana matumizi. Katika DT125 na AG100 oili ya gea ni tofauti na ile inayochomwa pamoja na petroli, na kuzichanganya ni kuharibu zote mbili. Ulegevu ukiwa sahihi na oili ikiwa sahihi lakini utelezi unaendelea, pleti au springi zimekwisha, na fundi ndiye wa kuzipima.

Klachi isiyoachia, ambayo huifanya gea igome au pikipiki isonge mbele ikiwa imesimama, kwa kawaida ina waya uliolegea kupita kiasi. Pikipiki iliyokaa miezi bila kutumika huweza pia kuganda pleti zake. Itie moto mpaka oili ipate joto, izime, ingiza gea, bana klachi, na uisukume mbele na nyuma mpaka zibanduke.

Mnyororo unagonga, unaruka meno au unatoka

Mnyororo uliolegea hugonga na kuchomoka, na uliokazwa kupita kiasi huvunja beringi za gurudumu na za injini. Huu wa pili ni mbaya zaidi, ingawa hauna kelele. Pima ulegevu katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, na uzungushe gurudumu ukipima sehemu kadhaa, kwa sababu minyororo haichakai sawasawa. Pikipiki nyingi za njia mbovu zinahitaji milimita 30 hadi 40. Unapokaza, sogeza alama za pande zote mbili za ekseli kwa kiasi kimoja, kaza nati ya ekseli barabara, kisha upime tena, kwa kuwa kukaza nati hubadilisha kipimo. Tahadhari: usizungushe gurudumu kwa injini wakati unapaka oili au unasafisha mnyororo. Vidole hukatwa kwa namna hiyo.

Mnyororo uliochakaa hauponi kwa kukazwa. Uvute nyuma kutoka kwenye sproketi ya nyuma, na kama nusu ya jino inaonekana chini yake, ubadilishe pamoja na sproketi zote mbili. Mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka hudumu muda mfupi sana, na fedha iliyookolewa hupotea. Klipu ya kiungo cha mnyororo ifungwe ikiwa upande wake uliozibwa unaelekea kule mnyororo unakokwenda, ili matawi na mawe yasiichomoe.

Kuhusu kulainisha, desturi ya kupaka oili chafu iliyomwagwa injini iachwe. Oili nzito juu ya mchanga wa ufukweni hutengeneza kitu kinachokata chuma mithili ya msasa. Safisha kwanza kwa mafuta ya taa na brashi laini, futa, kausha, paka oili ya gea kidogo upande wa ndani, na ufute inayobaki nje. Minyororo yenye pete za mpira isisuguliwe kwa brashi ya waya wala kuoshwa kwa petroli.

Breki hazishiki

Breki za drami baada ya kuvuka maji hupoteza nguvu kwa muda. Zikanyage kidogo kidogo huku ukienda polepole mpaka zikauke. Zikibaki dhaifu, tazama mshale wa kuonyesha kuchakaa ulio nje ya drami: ukifika kwenye alama unapobana breki, viatu vimekwisha na kukaza waya zaidi ni kujidanganya. Mchanga uliokaa ndani hutoa mlio wa kukwaruza, na hutolewa kwa kufungua gurudumu na kufuta kwa kitambaa chenye maji, wala si kwa kupuliza kwa mdomo, maana vumbi lake halifai kuvutwa.

Kwa breki ya diski, mkono unaozama kama sponji una hewa au mafuta yaliyozeeka. Mafuta ya breki hufyonza unyevu hewani, na katika visiwa vyenye unyevu kama hivi hayafai kukaa zaidi ya miaka miwili. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kifuniko, aghalabu DOT 4, kutoka chupa iliyokuwa imefungwa. Ikiwa mkono unagusa usukani, au mafuta yanavuja kwenye kalipa, yaani kifaa kinachobana diski, pikipiki isiendeshwe hata kwa kwenda gereji. Ipakiwe kwenye gari. Jambo hili si la kujadiliwa.

Pikipiki inayumba, inagonga, au inatoboka tairi kila mara

Upepo mdogo husaidia kwenye mchanga, ila kwenye maweni ya Micheweni na Kiuyu tairi laini hubanwa kati ya jiwe na rimu, na tyubu hukatika matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiona matundu hayo, ongeza upepo na uchunguze rimu kama imepinda; si msumari. Kwa mwendo wa kawaida, PSI 20 hadi 25 ni kiasi kinachofaa pikipiki nyingi hizi, na aliyepunguza kwa ajili ya ufukweni ajaze tena kabla ya kurudi barabarani.

Gonga kila spoku kwa bisibisi ndogo. Zilizokaza hulia kwa sauti kali inayofanana, na iliyolegea hutoa sauti butu. Moja au mbili zinaweza kukazwa robo mzunguko, lakini zikilegea nyingi, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kunyooshea rimu. Kisha inua gurudumu na ulisukume kushoto na kulia: likicheza, beringi zimekwisha. Geuza usukani taratibu. Ukikwama katikati kama unaangukia kwenye shimo, beringi za shingo zimechimbika na lazima zibadilishwe.

Oili inayovuja kwenye shokapu za mbele hutokana na mchanga uliojibana chini ya mpira wa sili. Shusha kifuniko cha vumbi, futa, na mara nyingine uvujaji hukoma. Usipokoma, badilisha sili upesi kabla oili haijafika kwenye breki.

Taa hafifu na betri isiyokaa na umeme

Vichwa vya betri vilivyoota unga ndiyo sababu ya kwanza. Vioshe kwa maji ya moto, kausha, paka grisi. Betri ya volti 12 iliyopumzika inapaswa kusoma takribani 12.6, na injini ikienda kasi isome karibu 14 hadi 14.5. Ikizidi 15, kidhibiti umeme kimeharibika na kitaunguza taa zote, basi usiendelee kuitumia. Pikipiki za zamani za volti 6 zina vipimo vyake, na balbu ya volti 12 ndani yake haitawaka ipasavyo.

Kelele za chuma na joto kali

Hapa hakuna uchunguzi wa njiani zaidi ya mmoja: zima, acha ipoe, pima oili. Ikiwa oili imepungua, jaza na usikilize. Kugonga kwa wepesi juu ya injini kunaweza kuwa nafasi ya valvu iliyozidi, na kunasubiri. Kugonga kwa uzito kunakotoka chini, vipande vinavyong'aa ndani ya oili, au gea inayoruka yenyewe vinadai pikipiki isukumwe au ipakiwe. Spea nyingi hutoka Unguja kwa meli, na kukokota injini iliyovunjika hadi Chake Chake huongeza orodha ya spea hizo.

Pikipiki iliyozama maji, hasa ya bahari

Hutokea kwa wanaopita ufukweni maji yanapojaa, na kwa wanaobeba pikipiki kwenye mashua. Kosa linaloangamiza ni kupiga kiki kwa haraka. Maji hayagandamiziki, na pistoni inayokutana nayo hupinda mkono wake. Usiiwashe. Toa plagi, zima koki, legeza skuruu ya bakuli la kabureta, toa chujio, kisha uiinamishe pikipiki maji yatoke kwenye ekzosi na kwenye kisanduku cha hewa. Ndipo upige kiki polepole plagi ikiwa nje na kofia yake ikiwa mbali na tundu, mpaka maji yakome kuruka.

Tazama oili. Ikiwa imekuwa nyeupe kama maziwa, ina maji. Imwage yote na utie nyingine, hata ya bei nafuu, kwa ajili ya kusafishia tu. Endesha injini dakika chache bila mzigo, imwage tena, na urudie mpaka itoke na rangi yake. Kwa maji ya mto au ya mvua, hayo hutosha pamoja na kulainisha mnyororo na nyaya.

Kwa maji ya chumvi, saa za mwanzo ndizo zinazoamua. Osha pikipiki yote kwa maji matamu mengi yasiyo ya mashine ya kasi, kwa kuwa kasi hiyo husukuma chumvi ndani ya beringi. Ondoa betri, fungua kila kiungio cha waya, kimwagie maji matamu, kikaushe, na upake grisi. Drami za breki zifunguliwe siku hiyo, na beringi za magurudumu zitiwe grisi mpya au zibadilishwe. Kama maji ya bahari yalifika ndani ya silinda na hukuweza kuyatoa siku hiyo hiyo, mimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, uisogeze pistoni kwa kiki mara chache ili oili ienee, na uipeleke kwa fundi bila kuiwasha, ukimweleza wazi kwamba ni maji ya bahari na imepita muda gani tangu izame.